Kabla ya Omtatah Kulikuwa na Thuku: Swali la Keja na Pesa Zetu

Kwa miaka miwili nilikuwa napita Barabara ya Harry Thuku karibu kila siku. Hiyo ni kabla karo inishinde niachane na chuo. Upande mmoja kuna Chuo Kikuu cha Nairobi, ule mwingine kuna hoteli ya Norfolk, ambayo chai yake sijawahi kuonja. Sikuwahi kujiuliza Thuku alikuwa nani. Kwangu lilikuwa tu jina la barabara.

Nilikuja kumjua juu ya karatasi ya mshahara ya dada yangu.

Sis analipwa 22,000 kwa mwezi. Kila mwisho wa mwezi anakatwa 330 za nyumba, asilimia 1.5, na mwajiri wake anaongeza kiasi hicho hicho. Yeye mwenyewe anaishi kwa bedsita na mtoto, na rent ni 8,000. Jioni moja akanionyesha ile karatasi akaniuliza, "Nalipa keja ninayoishi, halafu nakatwa ya keja nyingine. Hiyo nyingine ni ya nani?"

Mimi ndiye mtu wa kuongea mitandaoni, lakini sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma kesi ya Okiya Omtatah. Kusoma nako kukanirudisha nyuma mpaka 1901.

Ndiyo, 1901. Mwaka huo Waingereza walianzisha kodi ya kibanda. Ukiwa na nyumba yako, uliyojijengea na matope na nyasi zako, unalipa serikali. Mzee mwenye wake watatu ana nyumba tatu, basi analipa mara tatu. Na ilitakikana pesa taslimu, kitu ambacho watu wengi hawakuwa nacho. Ungeitoa wapi? Kwa shamba la mzungu. Hapo ndipo ujanja ulikuwa: kodi ilijaza hazina na pia ikasukuma watu waende kibarua. Halafu 1910 wakaongeza kodi ya kichwa, ili hata kijana asiye na nyumba asiponyoke.

Sasa fika 1921. Vita vya kwanza vya dunia vimeisha, uchumi uko chini, kodi imepanda mpaka shilingi 16. Mwaka huo huo walowezi wanakubaliana kupunguza mshahara wa wafanyakazi Waafrika kwa thuluthi moja. Kodi juu, mshahara chini. Juu yake kuna kipande, unachotembea nacho shingoni kama kengele ya ng'ombe. Na hizo kodi zilipokusanywa, barabara na huduma nzuri zilielekea zaidi upande wa walowezi.

Harry Thuku alikuwa na miaka kama 26. Kazi yake? Alikuwa anapokea simu katika ofisi ya Hazina. Manze, hapo nilisimama kidogo. Kijana aliyekuwa akiunganisha simu za watu wanaohesabu pesa ndiye alitoka nje kuuliza mbona tunalipa hivi na tunapata nini. Alianzisha chama cha vijana wa Kikuyu, kisha East African Association, iliyotafuta watu wa makabila yote. Kazi ya Hazina akaipoteza. Akaendelea kuhutubia.

Tarehe 14 Machi 1922 wakamkamata. Tarehe 16 umati ukajaa nje ya kituo cha polisi, karibu na Norfolk. Wazee walikuwa washaanza kuwaambia watu warudi nyumbani. Hapo mama mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akainua nguo yake mbele ya wanaume na kuwaambia kama wanaogopa wampe suruali zao. Umati ukasonga mbele. Askari wakafyatua risasi, na walowezi waliokuwa kwa baraza ya Norfolk nao wakaungana nao. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliouawa. Walioshuhudia walisema ni zaidi. Nyanjiru alikuwa mmoja wao.

Thuku hakupelekwa mbele ya jaji. Alifungiwa mbali, Kismayu, bila kesi, na kwa jumla alikaa kizuizini karibu miaka 9. Lakini kodi ilishuka, kutoka shilingi 16 hadi 12. Haikuisha, ilishuka. Hilo litatusaidia mbele.

Turuke miaka mia moja. Bado kuna serikali, bado kuna mshahara mdogo, bado kuna kodi yenye jina la nyumba. Tofauti ni kwamba kuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 43 kinasema makao yanayofaa ni haki yako. Kifungu cha 201 kinasema pesa za umma zitumike kwa uwazi, kwa uwajibikaji, na wananchi washirikishwe. Thuku hakuwa na karatasi kama hiyo mkononi.

Omtatah alikuwa nayo, na ameizoea. Kabla hajachaguliwa Seneta wa Busia mwaka 2022 alikuwa mtu wa kushinda kortini. Alikuwa miongoni mwa waliopinga mkataba wa reli ya SGR. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema sheria haikufuatwa katika kununua ile reli. Shida ni kwamba treni ilikuwa inabeba watu tangu 2017. Ushindi ulikuja abiria washafika Mombasa.

Mwaka 2023 serikali ikaleta tozo ya nyumba ndani ya Mswada wa Fedha. Wazo lilikuwa la zamani: 2018 serikali ya wakati huo ilijaribu tozo kama hiyo, ikakwama kortini. Safari hii mswada ulianza na asilimia 3, ikashushwa hadi 1.5. Omtatah na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na kesi zao zikaunganishwa na nyingine. Tarehe 28 Novemba 2023 majaji watatu wakasema tozo hiyo inavunja Katiba. Haikuwa na msingi mzuri wa kisheria, na ilibagua, kwa sababu iliwakata wenye mishahara rasmi peke yao bila sababu ya kueleweka. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuiruhusu iendelee kukatwa.

Watu wakasherehekea. Sis alipata miezi michache bila makato.

Kisha serikali ikapeleka Bungeni sheria nyingine, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, na Rais akaitia saini tarehe 19 Machi 2024. Korti ilisema mnabagua wenye mishahara? Sawa, sasa tozo ikawagusa hata wasio na ajira rasmi. Kodi ya kibanda, halafu kodi ya kichwa. Ukiona mfanano na 1910, si macho yako. Na Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi wa Mahakama ya Rufaa uliokuwa umeitupa Sheria yote ya Fedha ya 2023.

Kwa hivyo Omtatah alishindwa? Wengi wenu mtasema hivyo, kwa sababu makato yapo. Mimi nasema fanya hesabu kama ya 1922. Mwanzoni tozo ilikuwa imefichwa ndani ya sheria ndefu ya fedha. Sasa ina sheria yake yenyewe, ina mfuko wenye jina, ina bodi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana mahali pa kuchimba. Kitu kikiwa na jina na anwani, unaweza kukibishia mlango. Hiyo si nyumba, najua. Lakini ni kutoka 16 hadi 12.

Wenye kuunga mkono tozo nao wana hoja. Nairobi haina nyumba za kutosha, na kuna vijana wanaopata vibarua kwa hizo mijengo, wengine ni maboyi zangu. Sipingi nyumba kujengwa. Serikali ya mkoloni ilitoza watu vibanda vyao huku Nairobi ikiwasukuma kutoka kijiji kimoja hadi kingine, Pumwani miaka ya 1920, kisha Pangani ya zamani ikabomolewa na watu wakapelekwa Shauri Moyo. Serikali inayojenga ni afadhali kuliko inayobomoa. Lakini hitaji kuwa la kweli hakumzuii mtu kuuliza risiti.

Kuna kitu kingine kuhusu Thuku ambacho wengi hawasemi. Alipotoka kizuizini alipoa. Baadaye aliwapinga Mau Mau waziwazi, na hata akasimama upande wa serikali. Shujaa wa 1922 hakuwa shujaa wa 1952. Hiyo iliniuma, halafu ikanifundisha. Sisi vijana tunapenda kumbeba mwanasiasa mabegani, picha yake kwa profaili, na siku akibadilika tunavunjika moyo na kulala. Tarehe 25 Juni 2024 wenzetu walipigwa risasi karibu na Bunge wakiuliza kuhusu pesa, na hakuna mwanasiasa aliyewaita. Walijileta. Nyanjiru pia alijileta. Omtatah anaweza kubadilika kesho, sijui. Swali aliloweka mezani si lake peke yake.

Kwa hivyo fanya hivi. Chukua karatasi yako ya mshahara, au ya mathe, au ya sis. Jumlisha makato ya nyumba. Ya sis ni 3,960 kwa mwaka, karibu nusu ya rent ya mwezi mmoja. Kisha tumia Kifungu cha 35, kinachokupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, uandike barua: nyumba ngapi zimejengwa kaunti yangu, kwa pesa ngapi, na nani amepewa funguo?

Yetu tumeiandika Jumapili iliyopita, mimi nikitaipu kwa simu, sis akisoma tarakimu. Tukipata jibu nitaliweka hapa. Tusipolipata, tutaandika ya pili.