Tabo: Hewa ya Mlimani, Matatu ya Jogoo Road

Pale Kariobangi Light Industries, Nairobi, fundi akitaka kujua kama tabo (turbocharger) ya matatu imekwisha, hafungui injini. Anavua mpira wa hewa, anashika ncha ya shafti kwa vidole viwili na kuitikisa. Ikicheza kidogo, ni sawa. Feni ikigusa ukuta, mwenye matatu aanze kutafuta pesa. Mara nyingi abiria wameshajua: waliuona moshi wa samawati huko Jogoo Road.

Kifaa hiki kina zaidi ya miaka 100. Mhandisi Mswisi Alfred Büchi aliomba hataza yake mwaka 1905. Moshi wa ekzosi, ambao ungepotelea hewani, unazungusha feni. Feni hiyo imeshikana kwa shafti na feni ya pili, inayoshindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikiongezeka, dizeli nyingi zaidi inaungua, na injini ndogo inavuta kama kubwa.

Ila milima ndiyo iliyoipa tabo jina. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege hadi Pikes Peak, zaidi ya mita 4,300 juu ya bahari. Bila tabo ilitoa nguvu za farasi 230. Ilipofungwa tabo, 356. Nairobi si Pikes Peak, lakini iko juu kiasi cha kuifanya hewa yake iwe nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15, na injini isiyo na tabo huuhisi upungufu huo kila siku.

Wakenya wengi waliishuhudia kazi yake kwenye Safari Rally: Toyota Celica yenye tabo ilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986. Leo tabo iko chini ya Isuzu NQR za abiria 33, zile manyanga zenye michoro na muziki mzito, zinazokwenda Buruburu, Umoja na Kayole.

Ndani ya tabo shafti huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Ukizima injini ghafla ikiwa bado moto, oili inakwama na kuungua papo hapo. Ndiyo maana dereva mzoefu akifika steji huiacha ingurume taratibu dakika moja au mbili, makanga akihesabu pesa, na abiria wa nyuma wakinung'unika kwamba anachoma dizeli bure.