Tajiri, Dereva na Taniboi

Kabla ya magari kufika katika nchi zetu, Mwislamu wa pwani aliyemwua mwenziwe kwa kukosea, pasipo kusudi, hakuachwa alipe diya, yaani fidia ya damu, peke yake. Sheria iliwatwika mzigo huo jamaa zake wa kuumeni, wale waitwao akila, kwa kuwa hao ndio waliokuwa nguvu yake na ndio waliotarajiwa kumwonya na kumzuia. Sheria ya Kiingereza ilishika njia nyingine: haikuuliza ukoo wa mkosaji, bali iliuliza alikuwa akimfanyia nani kazi. Iliingia Tanganyika kwa amri ya mwaka 1920, iliyoagiza kwamba pasipo na sheria nyingine mahakama zifuate kanuni za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai mwaka huo. Na kwa sababu hiyo hukumu zilizokatwa London juu ya magari ya kukokotwa na farasi zikawa ndizo kipimo cha wenye malori wa Dodoma na Iringa.

Katika hukumu hizo, mbili zastahili kukumbukwa. Ya kwanza ni ya mwaka 1837, katika shauri la Priestley, mtumishi wa mwuza nyama, aliyevunjika paja kwa sababu gari la tajiri wake lilijazwa shehena kupita kiasi. Wazee wa baraza walimpa fidia ya paundi 100, lakini majaji wakaitangua, wakisema kwamba mtumishi anayeona hatari ana hiari ya kukataa kupanda. Na kutoka hapo ikazaliwa kanuni kwamba aliyeumizwa na mtumishi mwenziwe hana dai juu ya bwana wao, kanuni iliyodumu Uingereza hata mwaka 1948. Hukumu hiyo ilikuwa dhulma, nami sioni jina jingine la kuipa, kwani hiari ya maskini mbele ya ujira wake ni hiari gani?

Ya pili ni ya mwaka 1862. Kampuni ya mabasi ya farasi ya London ilikuwa imewapa madereva wake kadi zilizopigwa chapa, zikiwakataza kushindana mbio na kuwazibia wengine njia. Dereva mmoja akalizibia njia basi la kampuni nyingine, likapinduka. Kampuni ilidhani kuwa kadi ile itaiokoa, walakini haikuiokoa, maana dereva alitenda alilolitenda ndani ya kazi ya tajiri wake na kwa faida ya tajiri wake. Mwaka 1942 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua vivyo hivyo juu ya dereva wa lori la mafuta aliyewasha kiberiti avute sigara huku petroli ikimiminika tangini: uzembe wake ulihesabiwa kuwa ndani ya kazi ya mwajiri.

Basi tangu zamani ilijulikana nani atalipa. Lililokawia mno kuulizwa ni nani aliyemfundisha dereva huyo, na la kusikitisha ni kwamba bima, yenye kheri nyingi kwa waliogongwa, ilizidi kulifunika swali hilo. Uingereza ililazimisha bima ya mtu wa tatu mwaka 1930, Tanganyika ikafuata kwa sheria ya mwaka 1945, na tangu hapo tajiri aliyekwisha kulipa ada yake hakuwa na khofu kubwa ya kumsukuma agharimie mafunzo.

Mafunzo yaliachiwa barabara yenyewe. Kijana alianza kwa utaniboi, yaani usaidizi wa dereva: kuosha gari, kubadili magurudumu, kulala juu ya turubai alinde mali, kubeba gogo la kuzuia gurudumu mlimani, kubahatika kurudisha gari nyuma uwanjani, kisha kushika usukani usiku kwenye tambarare, dereva akiwa amelemewa na usingizi. Mwalimu wake alikuwa dereva, wala si tajiri, na pamoja na ustadi wake alirithi ila zake, mojawapo ikiwa ile ya kuliacha gari literemke kwa gia huru ili kubana mafuta.

Ubovu wa mpango huo ulidhihirika baada ya tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru, na mwezi uliofuata Zambia ikakatikiwa mafuta yaliyokuwa yakipitia huko. Mapipa yakapakiwa malorini Dar es Salaam, yapelekwe Morogoro, Iringa, Mbeya hata Tunduma, wakati wa mvua, katika barabara ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya udongo. Wageni wakaiita njia ya Jahanamu. Mwaka 1966 serikali za Zambia na Tanzania, pamoja na washirika wa Kiitaliani, ziliunda kampuni ya Zambia Tanzania Road Services, yenye malori ya Fiat na matela yake. Dereva aliyekuwa akirudi na shaba ya Zambia ilimpasa kuteremka mlima wa Kitonga, na hapo ndipo elimu inapotakiwa: gia nzito itiwe kabla ya mteremko kuanza, kwani gari likishachukua kasi haikubali kuingia, breki zikanyagwe na kuachiwa, zisikandamizwe mfululizo hata harufu ya kuungua ikaingia ndani ya kibanda, kwani breki iliyopata moto kiasi hicho haina nguvu tena ya kuizuia shehena ile. Mambo haya hufundishika kwa siku chache akipatikana wa kuyafundisha. Asiyefundishwa hujifunza mara moja tu.

Bomba la kupeleka mafuta Zambia lilikamilika mwaka 1968, na mwaka 1975 kikaanzishwa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam. Hata hivyo tajiri mwenye lori moja au mawili aghalabu hampimi dereva ila kwa leseni na mzunguko mfupi. Na ajali itokeapo Kitonga au kwenye mteremko wa Iwambi, dereva akiwa hai hushitakiwa, bima hulipa, na swali la nani alimwonyesha mlima ule kabla ya kumkabidhi tani thelathini halimfikii aliyemwajiri, ilhali yeye ndiye aliyekuwa na wasaa na mali ya kulijibu mapema. Taniboi, naye, sheria za bima zilizofuata ile ya mwaka 1930 hazikumlazimisha tajiri kumkatia bima, kwa hoja kwamba ni mtumishi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, umemfungulia mlango, lakini ni lazima kwanza ithibitike kuwa aliajiriwa, na wengi wao huchukuliwa na dereva kwa maneno ya mdomo, tajiri asijue hata majina yao.