Mwalimu Goso na Watoto wa Matsangoni

Mwaka 1870 Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu Zanzibar, alichapisha London ngano alizosimuliwa Unguja. Mojawapo ni kisa cha Goso, mwalimu aliyesomesha watoto chini ya mbuyu. Paa alipanda kuiba mabuyu, moja likamwangukia mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi wakaondoka kumsaka muuaji.

Wa kwanza kushtakiwa ni kusi, upepo ule. Akajitetea: angekuwa na nguvu hizo, angezuiwaje na kiyambaza, ukuta tu? Kiyambaza naye, kwa maneno yale yale, akamsingizia panya anayemtoboa. Panya akamtaja paka, paka kamba, kamba kisu, kisu moto, moto maji, kesi ikazunguka hivyo hivyo hadi kwa paa, naye hakuwa na la kusema.

Mtoto anayesikiliza hafundishwi sarufi hata kidogo. Lakini wakifika kwa paka, amekwisha kuishika -nge-, ile ambayo wakubwa wengi bado wanaichanganya na -ngali-. Jina la mshtakiwa hubadilika, sentensi hubaki. Basi anakisia neno kabla halijasomwa, na kukisia huko ni nusu ya kusoma.

Matsangoni, kando ya barabara ya Kilifi kwenda Malindi, kisa hiki si kigeni. Mibuyu ipo, kusi wavuvi wa Uyombo wanaijua, viyambaza vya udongo havijaisha. Watoto wengi huko huanza kusema kwa Kigiriama: madzi, moho, katsungula. Wakikutana na maji, moto na sungura kitabuni, wamekutana na jamaa.

Kigiriama chenyewe kina maandishi ya zamani. Mmisionari W. E. Taylor alitoa kitabu cha msamiati wake mwaka 1891. Shuleni, hata hivyo, njia ilikuwa nyingine: mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, vitabu vya shule vilipata lugha moja kutoka Lamu hadi Kigoma. Faida kubwa hiyo, ingawa Kimvita, lahaja ya Mombasa, kiliachwa mlangoni kwake mwenyewe. Hasara ni kwamba vitabu vingi vya kuanzia vilijaa vijisentensi vilivyopimwa kwa rula: baba analima, mama anapika. Nani amewahi kumsikia mtoto akiomba arudiwe hayo?

Nchini Kenya, Tume ya Gachathi ya 1976 kuhusu elimu ilipendekeza madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo. Mwaka 2015 mpango wa Tusome ulianza kusambaza vitabu ili kila mtoto wa madarasa ya chini awe na chake, cha Kiswahili na cha Kiingereza. Mradi wa African Storybook nao unawaruhusu walimu kutunga na kutafsiri hadithi bila malipo kwa lugha za kwao.

Mwalimu wa Matsangoni aliye na dakika kumi za mwisho wa kipindi na ajaribu Goso. Afike kwa kisu, anyamaze kabla ya kumtaja moto, alisikilize darasa.