Msomaji Asiyetajwa Jina na Nyuki wa Liti

Sisi wanafunzi wa fasihi tunapenda kumbana mwandishi kwa maswali, lakini ni mara chache tunamuuliza yule aliyeusoma mswada wake kabla haujachapwa. Katika makala haya nakusudia kumwangalia huyo.

Philosophical Transactions la London lilianza mwaka 1665, na mhariri wake, Henry Oldenburg, aliamua mengi mwenyewe. Taarifa za maandishi za wasomaji wataalamu zilikuja baadaye sana, mwaka 1832, na hazikuanza kwa amani. William Whewell na John Lubbock walipewa makala moja ya George Airy kuhusu mwendo wa sayari. Whewell alitaka kueleza uzito wake. Lubbock alitafuta makosa.

Huku kwetu kazi hiyo ilikuja na sura ya serikali. Kamati ya Lugha iliyoundwa Januari 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilisoma miswada ya vitabu vya shule na kuvipa kibali. Kiswahili kikasanifiwa, hilo tusilibeze. Ila mwanzoni hapakuwa na Mwafrika hata mmoja miongoni mwa wajumbe! Mtu aliyeizaliwa lugha alisahihishwa na mtu aliyejifunza ukubwani.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Niliandika juu ya Liti, mwanamke wa Kinyaturu ambaye masimulizi ya Singida yanasema aliwapiga Wajerumani kwa nyuki. (Uwanja wa mpira uliokuwa ukiitwa Namfua sasa una jina lake.) Upinzani wa Wanyaturu alishauandika Marguerite Jellicoe katika Tanzania Notes and Records mwaka 1969, kwa hiyo sikuzua kitu. Mswada ukarudi na maoni ya wasomaji wawili, majina yao yamefichwa kama ilivyo desturi. Wa kwanza aliandika mstari mmoja: nyuki watolewe, hiyo ni hekaya. Wa pili alijaza ukurasa mzima. Nani alikusimulia? Wapi? Walikuwepo akina nani? Je, kuna aliyemkatiza?

Swali hilo la mwisho lilininyima usingizi, maana alikatizwa kweli. Bibi alipofika kwenye nyuki, mzee mmoja alidakia kwamba waliotumwa ni nyuki wa dawa. Bibi akamjibu kuwa Liti alijua kufuga, basi. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Nami, kwa kutaka hadithi iliyonyooka, nikayafuta yote.

Kwa hiyo msomaji yule wa pili, ambaye pengine hajawahi kufika Unyaturu, alikiona kitu nilichokificha mimi mwenyeji. Wa kwanza alinihukumu tu. Na pale uani mzee alikuwa akifanya kazi ileile, tena uso kwa uso na jina lake likijulikana.

Nimeyarudisha mabishano yao, nyuki nimewaacha, na mswada uko tena mezani kwa mhariri.