Nani Aalikwe? Karamu ya Marehemu na Uandishi wa Historia ya Kiswahili

Utangulizi

Katika madarasa ya historia, na hata katika mazungumzo ya kawaida ya wasomi, huulizwa swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la mchezo: kama ingewezekana kuandaa chakula cha jioni na kuwaalika watu waliokwisha kufariki, nani wangealikwa? Majibu hutolewa upesi, na mara nyingi hufanana. Hutajwa watawala, wanafalsafa na washairi wakuu. Swali hilo likiletwa katika uwanja wa taaluma za Kiswahili, majina yanayotangulia ni yale yale yaliyozoeleka katika mitaala: Muyaka bin Haji, Mwana Kupona binti Msham, Tippu Tip, Shaaban Robert.

Mhadhara huu unalichukulia swali hilo kwa uzito. Orodha ya waalikwa ni hoja ya kihistoria hata kama aliyeiandika hakukusudia iwe hivyo, kwani kumpa mtu kiti ni kukiri kwamba ana jambo ambalo wengine hawakulisema, na kumnyima ni kuamua kwamba yaliyokwisha kuandikwa juu yake yanatosha. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mgeni anayefaa zaidi si yule aliye mashuhuri. Anayefaa ni yule aliyesimama kando ya mashuhuri, ambaye kumbukumbu zinamtaja kisha zinanyamaza.

Mapokeo ya kuzungumza na wafu

Wazo la kukutana na marehemu lina historia ndefu katika fasihi za dunia. Katika karne ya 11, al-Ma'arri wa Syria aliandika Risalat al-Ghufran, ambamo msomi mmoja anafikishwa peponi na kuzungumza na washairi waliotangulia. Jambo la kuvutia kwa wanaisimu ni kwamba maswali yake mengi ni ya lugha: usomaji upi wa ubeti ni sahihi, na ni shairi lipi ambalo mtunzi amepachikwa bila haki. Karibu zaidi na pwani ya Afrika Mashariki, Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alichapisha mwaka 1971 riwaya ya The Trial of Christopher Okigbo. Humo mshairi wa Nigeria aliyeuawa katika vita vya Biafra mwaka 1967 anashtakiwa ahera kwa kuitanguliza jamii yake mbele ya sanaa yake.

Kazi hizo mbili zinaonyesha njia mbili za kuwakabili wafu. Ya kwanza huwauliza, na ya pili huwahukumu. Karamu inaelekea zaidi kwenye njia ya kwanza, kwa sababu mgeni aliyekaribishwa nyumbani ana hifadhi ya mwenyeji wake. Haifai kumwita mtu ale, kisha kumgeuzia meza kuwa kizimba.

Kanuni ya kuchagua ilijadiliwa vizuri na Mwingereza William Hazlitt katika insha aliyoichapisha mwaka 1826. Anasimulia jioni ambapo marafiki walijadili watu wa kale ambao wangependa kuwaona. Mmoja alipendekeza Newton na Locke. Charles Lamb alipinga: wawili hao, kwake, walikuwa vitabu zaidi kuliko watu, na aliyevisoma vitabu amekwisha kukutana nao. Yeye alimchagua Sir Thomas Browne pamoja na Fulke Greville, waandishi ambao maandishi yao yalimwachia fumbo. Kwa ufupi, aliyekwisha kusema yote hahitaji mwaliko. Kanuni hiyo ikitumiwa katika historia ya Kiswahili, orodha iliyozoeleka hubadilika mara moja.

Binti badala ya mama

Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858. Mtunzi alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na majeshi ya Seyyid Said na kufariki mwaka 1856. Mwana Kupona mwenyewe alikuwa mgonjwa, na alifariki karibu mwaka 1860. Utendi ni wasia kwa binti yake, Mwana Hashima, kuhusu dini, adabu na mwenendo wa mke mbele ya mumewe.

Wahakiki wamegawanyika juu ya wasia huo. Wapo wanaouona kuwa ni mafunzo ya utiifu usio na masharti, na wapo wanaosoma ndani yake werevu wa mwanamke anayemfundisha bintiye namna ya kuishi, na pengine kutawala, ndani ya mipaka aliyowekewa. Mjadala umeendelea kana kwamba mama peke yake ndiye angeweza kuumaliza. Lakini mama amekwisha kusema, na alisema kwa beti zilizopangwa kwa uangalifu. Aliyenyamaza ni msikilizaji wa kwanza.

Mwana Hashima aliishi hadi mwaka 1933. Mwaka uliofuata, Alice Werner na William Hichens walichapisha toleo lao la utendi huo pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kwa miongo zaidi ya saba, basi, alikuwako mtu aliyejua wasia huo ulipokewaje: kama ulisomwa chumbani au mbele ya jamaa, kama ulimfaa katika ndoa, na ni maneno gani yalimfanya atabasamu. Toleo lililochapishwa linamfahamisha msomaji kile binti alichoambiwa, wala si kile alichojibu. Huyo ndiye mwalikwa wa kwanza.

Mpokezi badala ya mtunzi

Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, ndiye ambaye wengi wangependa kumsikia. Hata hivyo, Muyaka anayesomwa leo amepita katika mikono kadhaa. Mashairi yake yalihifadhiwa kwa kukaririwa na kwa miswada ya hati za Kiarabu. Katika miaka ya 1880 mmisionari W. E. Taylor aliyakusanya kwa msaada wa mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890. Hichens aliyachapisha mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa uchambuzi uliomrudisha Muyaka katika siasa na maisha ya mji wake.

Uzito wa kazi ya Mwalimu Sikujua huonekana pale mtu anapokumbuka tabia ya hati yenyewe. Hati za Kiarabu katika umbo lake la kawaida zina alama tatu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Aidha, konsonanti kadhaa za Kiswahili hazina herufi zake katika Kiarabu. Kwa hiyo neno moja lililoandikwa lingeweza kusomwa kwa namna zaidi ya moja, na aliyeamua usomaji sahihi ni yule aliyelijua shairi kabla ya kuliona. Maelezo kuhusu kisa cha shairi, nani alikuwa akijibiwa na fumbo lilimlenga nani, nayo yalihitaji mtu wa mji.

Basi ingefaa kumuuliza mambo ambayo msomi wa al-Ma'arri aliwauliza washairi wa peponi. Ni beti zipi alizipokea kwa yakini, na zipi alizikamilisha kwa kumbukumbu yake? Ni mashairi gani yaliitwa ya Muyaka kwa sababu tu yalikuwa mazuri? Ni yapi aliyaficha asimwonyeshe mgeni? Jina lake lina kejeli ya kupendeza: aliyeitwa Sikujua ndiye aliyejua.

Mwandishi badala ya mhariri

Mwaka 1903 kilitoka mjini Göttingen kitabu cha Desturi za Wasuaheli kikiwa na jina la Carl Velten. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inatokana na kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Kitabu kinaeleza kuzaliwa, jando, ndoa, ngoma, sheria, utumwa na mazishi kwa nathari ambayo hadi leo ni kielelezo. Ilipofika mwaka 1981 ndipo tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipomtaja Mtoro waziwazi kuwa mwandishi.

Maisha yake ni sura ambayo haimo kitabuni. Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata walisafiri kwenda Afrika Mashariki, lakini watawala wa koloni hawakumruhusu ashuke na mkewe, nao wakarejea Ujerumani. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Mtu aliyewaeleza wageni kwa kina jinsi Waswahili wanavyopokeana na kukirimiana alizuiwa kuingia na mkewe katika nchi yake mwenyewe.

Maswali ya kumuuliza ni ya kitaaluma na ya kibinadamu kwa pamoja. Ni yapi aliyoyaandika kwa hiari, na yapi kwa sababu mhariri aliuliza? Alipoandika kwamba desturi ni hii, je, alikuwa akieleza yanayotendwa au yanayopaswa kutendwa? Pia, miaka ile ya ughaibuni iliibadilishaje Bagamoyo aliyoiandika?

Mwenye bidhaa na aliyefanywa bidhaa

Mwalikwa wa nne ndiye anayeleta tatizo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, alieleza maisha yake kwa Kiswahili kwa kuhimizwa na Mjerumani Heinrich Brode, na maelezo hayo yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa za Kiswahili. Lugha yake ni ya mtu anayejiamini: safari, vita, mikopo, na pembe za ndovu zilizopimwa kwa frasila. Watu waliozibeba pembe hizo, na wale waliouzwa, aghalabu hutajwa kwa wingi bila majina.

Upande wa pili yupo Rashid bin Hassani. Alitekwa utotoni katika nchi ya Wabisa, ambayo leo imo Zambia, akafikishwa Zanzibar akiwa mtumwa. Uzeeni alimsimulia maisha yake Mwingereza W. F. Baldock, na simulizi hiyo ikaingizwa katika kitabu cha Ten Africans kilichohaririwa na Margery Perham mwaka 1936. Msomaji hukutana nayo kwa Kiingereza. Hapo pana jambo zito kwa mwanafunzi wa Kiswahili: mfanyabiashara wa watumwa anasomwa kwa maneno yake mwenyewe, huku mtumwa akisomwa kwa maneno ya lugha ya mwingine.

Kwa kanuni ya Lamb, Rashid ndiye anayestahili mwaliko, kwani Tippu Tip amekwisha kusema kwa kirefu. Wapo watakaosisitiza kwamba wote wawili waitwe ili mazungumzo yawe makali. Pendekezo hilo linasahau maana ya kula pamoja. Katika pwani ya Waswahili, kula katika sinia moja ni alama ya usawa, na usawa huo ndio hasa alioukosa mtumwa. Kumketisha Rashid mkabala na mtu aliyetajirika kwa biashara iliyomfanya yeye bidhaa, ili tu wengine wapate la kusikiliza, ni kumtumia mara ya pili. Kwa hiyo utaratibu wa haki ni huu: Rashid aalikwe kwanza, kisha aulizwe kama anaridhia Tippu Tip aje. Akikataa, tawasifu ya Tippu Tip ipo maktabani.

Adabu za ukumbi

Karamu hii ina ugumu mwingine usioweza kupuuzwa. Mwana Hashima hangekaa kula na wanaume wasio maharimu zake. Mwenyeji anayemketisha katikati yao anamvua Usiyu wake ili kuutimiza mpango wake mwenyewe. Akiheshimu desturi, atamwandalia ndani pamoja na wanawake wenzake, na maneno yake yatafika barazani kwa kinywa cha mwingine. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wengi wa waalikwa hawa. Sikujua alimfikishia Taylor, Mtoro akamfikishia Velten, Rashid akamfikishia Baldock. Mpangilio wa ukumbi unakuwa picha halisi ya kumbukumbu.

Lugha nayo ina adabu yake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Utendi wa Mwana Kupona ni wa lahaja za kaskazini, mashairi ya Muyaka ni ya Kimvita, na Mtoro ni mtu wa Mrima. Mwenyeji aliyezoea sanifu asitarajie wageni wamfuate. Yeye ndiye atakayehitaji mkalimani mezani pake.

Hitimisho

Mwanahistoria wa Haiti, Michel-Rolph Trouillot, alionyesha mwaka 1995 kwamba ukimya huingia katika historia tangu chanzo kinapotengenezwa, kisha kinapohifadhiwa, kinaposimuliwa na kinapopewa maana. Waalikwa wanne waliochaguliwa hapa wanasimama kila mmoja katika mlango wa ukimya wa aina yake: aliyeambiwa asisikike akijibu, aliyehifadhi asitajwe sana, aliyeandika akakosa jalada, na aliyesimulia akakosa lugha.

Bila shaka hakuna chakula kitakachopikwa, wala mlango utakaobishwa. Hata hivyo, maswali yaliyoandaliwa kwa ajili yao yanaweza kupelekwa kwingine: kwenye miswada ya Taylor iliyohifadhiwa London, kwenye nyaraka za Berlin, na kwa wazee wa Siyu, Lamu, Mombasa na Bagamoyo wanaokumbuka yale ambayo wachapishaji hawakuyauliza. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika taaluma hii anayehitaji kupona ni mwenyeji, na dawa yake ni kuiandika upya orodha ya waalikwa kabla ya kuandika upya historia.