Kijiwe Chini ya Ukumbi

Mimi ni mtu wa kijiwe. Riwaya yangu ambayo haijaisha (usiniulize itaisha lini) niliianza kwenye baraza ya jengo moja hapa Dar es Salaam. Tulikuwa vijana saba, wote tumemaliza kidato cha nne, na kila Jumamosi tulikuwa tunakutana pale kusomeana tulichoandika. Viti hapakuwa. Tulikaa kwenye ngazi. Siku moja mzee wa pale akatuambia, "Wanangu, baraza inatengenezwa, ila msihofu, mtapewa chumba kizuri zaidi kule nyuma." Tukasema ahsante mzee. Chumba tukapewa kweli, kina meza na feni. Lakini ufunguo ulikaa kwa bwana mmoja ambaye Jumamosi haji kazini. Baada ya miezi miwili tulikuwa tumebaki wawili.

Ndiyo maana niliposikia habari za vijana wa London waliokataa mahali palipoitwa pazuri zaidi, nilizifuatilia kama habari za ndugu zangu. London sijafika. Ninayokusimulia nimeyaokota magazetini, vitabuni na kwenye video.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1951 Uingereza ilifanya tamasha kubwa la taifa kwenye ukingo wa kusini wa mto Thames, ili kuwachangamsha watu waliochoshwa na vita. Tamasha likaisha, ukumbi wa Royal Festival Hall ukabaki. Mwaka 1967 ukafunguliwa jirani yake ukumbi mwingine wa muziki, Queen Elizabeth Hall, na mwaka 1968 jumba la maonyesho ya sanaa, Hayward Gallery. Haya mawili yalijengwa kwa zege tupu. Hakuna plasta, hakuna rangi. Ukisogea karibu unaona alama za mbao zilizoshikilia zege lilipokuwa bichi. Wapo walioyapenda na wapo walioapa kwamba hawajaona majengo mabaya kama hayo.

Ukumbi wenyewe uliinuliwa juu, na watembea kwa miguu wakawekewa njia za juu. Chini ukabaki uwazi: nguzo nene zilizopanuka kichwani mfano wa uyoga, sakafu laini, na kuta fupi zilizolala kama mteremko. Huo uwazi haukupangiwa kazi yoyote ya maana. Ni kama uvungu wa kitanda.

Sasa, miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1970, huko Marekani mchezo wa skeitibodi ulikuwa unafufuka. Skeitibodi ni ule ubao mfupi wenye magurudumu manne ambao mtu anausimamia na kuteleza nao. Zamani magurudumu yake yalikuwa ya chuma au ya udongo mgumu, yakikutana na kokoto tu, jamaa yuko chini. Yalipokuja ya plastiki inayoshika sakafu, mchezo ukahamia kwenye zege. Inasemekana tangu mwaka 1973 vijana wa London walikuwa wameshaugundua uvungu ule wa Queen Elizabeth Hall. Juu watu waliovaa suti wanasikiliza fidla, chini watoto wa mjini wanateleza. Mvua ikinyesha hawalowi. Hakuna kiingilio, hakuna mlinzi wa kukuuliza umetoka wapi. Baadaye wakaja waendesha baiskeli za kuruka, wachora kuta, wapiga picha. Mchezo huo ulipozidi kukua Uingereza, pale ndipo palipoitwa nyumbani.

Katikati ya miaka ya 2000 sehemu kubwa ya eneo lile ilizibwa. Waliambiwa ni kwa muda. Msomaji, hilo neno "kwa muda" unalijua vizuri kama ninavyolijua mimi. Miaka ikapita, ukuta uko palepale.

Halafu mwezi Machi 2013 Southbank Centre, ambacho ndicho kituo kinachosimamia kumbi zile, kikatangaza mpango wa kukarabati na kupanua majengo kwa pauni milioni 120. Kungekuwa na jengo la vioo juu, nafasi za watoto kujifunza sanaa, kumbi za mazoezi. Na kule uvunguni? Maduka na migahawa, ili kodi yake isaidie kulipia hayo yote. Wateleza skeitibodi wangejengewa uwanja mpya karibu tu, chini ya daraja la Hungerford, mwendo wa dakika chache kwa mguu.

Hapa nakiri nilikwama. Kwani mle ndani ya mpango kulikuwa na nafasi mpya kwa ajili ya fasihi pia. Fasihi! Mimi ambaye nimetafuta meza ya kuandikia tangu nimalize shule, nisimame upande gani? Wenye kituo hawakuwa mashetani. Majengo yalikuwa yamechakaa, ruzuku ya serikali ilikuwa inapungua, na sanaa haili hewa. Mtu akikwambia ukipisha hapa watoto elfu watajifunza muziki, kukataa ni kazi.

Vijana walikataa. Walisema hivi: uwanja unaweza kujengwa popote, lakini pale hapakujengwa, paligunduliwa. Kila ukingo uliosuguka pale una historia ya miaka arobaini. Ukimhamisha mtu mita mia moja umehamisha mwili wake tu.

Wangeishia kusema, wangeng'olewa. Waliunda kikundi, wakakiita Long Live Southbank. Wakaweka meza palepale kijiweni na kumsimamisha kila mpita njia: dada, kaka, mzee, weka sahihi. Wakapata watu zaidi ya 150,000 wa kuwaunga mkono. Barua za kupinga ombi la ujenzi zilizofika halmashauri ya Lambeth zilizidi 27,000. Hata jirani mkubwa, mkurugenzi wa National Theatre Nicholas Hytner, akaupinga mpango, yeye kwa sababu zake za jengo la vioo. Mwezi Januari 2014 meya wa London, Boris Johnson, akatamka kwamba vijana wabaki walipo. Bila baraka zake mpango ulikuwa umekatika mguu. Mwezi uliofuata kituo kikausimamisha, na mwezi Septemba 2014 pande mbili zikasaini makubaliano: eneo litalindwa, na mashauri ya kisheria yataachwa.

Je, sanaa ilikufa? La hasha. Kituo kilirudi na ukarabati mdogo zaidi. Hayward Gallery ikafunguliwa tena Januari 2018, na Queen Elizabeth Hall Aprili mwaka uleule. Ndoto ya pauni milioni 120 ilipotea, na hiyo ni hasara, tusidanganyane. Lakini lililonishangaza ni la baadaye. Mwaka 2017 wale mahasimu wakatangaza kuchangisha pesa pamoja, pauni 790,000, ili kuurudisha uwazi uliokuwa umezibwa. Mwezi Julai 2019 ukuta wa "kwa muda" ukawa umeondoka, na vijana wakateleza mahali ambapo baadhi yao walikuwa hawajawahi kupaona.

Nimelifikiri jambo hili sana. Wale watu waliitwa wazururaji, watu wa kelele na rangi za ukutani. Lakini kijiwe chao kilipoguswa, waliketi wakaandika. Waliandika kilianza lini, nani walipita pale, kwa nini hapahamishiki, mpaka wakubwa wakasoma.

Sisi tulikuwa saba, na kila mmoja anajiita mwandishi. Tuliambiwa tupishe, na hakuna aliyeandika hata barua ya ukurasa mmoja. Tulisema ahsante mzee. Leo ukiuliza kama palikuwa na kijiwe cha waandishi kwenye ngazi zile, ushahidi wako pekee ni makala haya.

Wewe una kijiwe chako. Kiandike kungali mapema. Kalamu naiweka chini kwa leo, riwaya inaningoja.