Mhandisi Ndani ya Kifaru

Alfajiri ya tarehe 19 Agosti 1942, karibu wanajeshi 5,000 wa Kanada walikuwa baharini wakielekea Dieppe, mji wa bandari kaskazini mwa Ufaransa uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Walikuja na vifaru aina ya Churchill, vizito na vyenye deraya nene. Ufuo wa Dieppe hauna mchanga laini; umejaa kokoto kubwa za mviringo. Vifaru kadhaa vilikwama humo. Vilivyofaulu kuupanda ukuta wa bahari vilikuta barabara za kuingia mjini zimezibwa kwa zege.

Kuvilipua vizuizi hivyo ilikuwa kazi ya wahandisi wa jeshi. Walishuka kwa miguu, mizigo ya baruti migongoni, mbele ya bunduki za rashasha, na wengi wao waliuawa au kujeruhiwa kabla ya kuvifikia. Kufikia alasiri kila kitu kilikuwa kimekwisha. Wakanada 907 walipoteza maisha, na hakuna kifaru hata kimoja kilichoshuka ufuoni kilichorudi Uingereza.

Luteni mmoja wa wahandisi wa Kanada, J. J. Denovan, alilitafakari jambo hilo. Askari wale hawakukosa ujuzi wala ujasiri, walikosa kinga. Basi kwa nini mhandisi na baruti yake wasisafirishwe ndani ya kifaru mpaka kwenye kizuizi chenyewe? Churchill ilifaa: tumbo lake lilikuwa na nafasi na milango ilikuwa ubavuni, hivyo mtu aliweza kutoka bila kujianika juu. Likatokea gari lililoitwa AVRE. Mzinga wake wa kawaida uliondolewa, ukawekwa mwingine mfupi na mnene, wa milimita 290, uliorusha bomu la kilo 18 hivi. Bomu hilo lilivunja zege, ila halikufika mbali: mita 80 tu au zaidi kidogo. Tena lilipakiwa kwa nje, askari akifungua kidirisha na kutoa mikono yake huku risasi zikipita.

Mwaka 1943 magari ya namna hii yalikusanywa chini ya Divisheni ya 79 ya Vifaru ya Uingereza, na amri akapewa Meja Jenerali Percy Hobart. Huyu naye alikuwa ametoka mbali. Alikuwa mhandisi wa jeshi kabla ya kuwa mtu wa vifaru, mkali, asiyekubali kunyamazishwa na wakubwa. Mwaka 1940 alistaafishwa, akajiunga na jeshi la mgambo la mahali alipoishi kwa cheo cha lansi koplo, mpaka Waziri Mkuu Winston Churchill alipoagiza arudishwe kazini.

Kila gari la divisheni hiyo lilijibu kikwazo fulani. Kaa, yaani kifaru aina ya Sherman iliyofungwa pipa la minyororo 43 mbele, iliichapa ardhi ili mabomu ya kutegwa yalipuke kabla ya askari kuyakanyaga. Ilitambaa kwa mwendo wa kilomita mbili hivi kwa saa, mzinga wake umegeuzwa nyuma. Mbinu hiyo ilitokana na wazo la Abraham du Toit wa Afrika Kusini, na ilikwisha kujaribiwa El Alamein. Baadhi ya AVRE zilibeba daraja la mita tisa, matita makubwa ya fito ya kujazia mahandaki, au turubai lililotandazwa kama jamvi juu ya udongo laini.

Udongo huo ulijulikanaje? Usiku wa kuamkia mwaka 1944, askari wawili, Logan Scott-Bowden na Bruce Ogden-Smith, waliogelea hadi ufuo wa Normandy, wakachota sampuli chini ya pua za walinzi wa Kijerumani, wakarudi nazo.

Tarehe 6 Juni 1944, majeshi ya Washirika yalipotua Normandy, wakati wa majaribio ulikwisha. Huko Graye-sur-Mer, katika ufuo uliopewa jina la Juno, barabara ilikuwa imekatwa na shimo kubwa lililojaa maji. AVRE moja ilitumbukia humo ikazama karibu yote. Waliokuwemo walitoka, lakini baadhi yao waliuawa na kombora walipokuwa wamejibanza ufuoni. Wenzao hawakukivuta kifaru kile. Walitupia matita ya fito, wakalaza daraja juu yake, na magari yakapita kuelekea ndani. Kifaru kikabaki chini ya barabara hiyo mpaka kilipofukuliwa mwaka 1976. Sasa ni ukumbusho papo hapo.

Wapo wanaodai kwamba Wamarekani waliuawa kwa wingi siku hiyo katika ufuo wa Omaha kwa sababu hawakuchukua magari hayo. Naona hukumu hiyo ni nyepesi mno. Omaha ilikuwa na miinuko mikali iliyolindwa vizuri, na vifaru vyao vingi vya kuelea vilizama kabla ya kufika. Hata hivyo, wahandisi wao wengi walifanya kazi kwa miguu, wazi kabisa, kama wale wa Dieppe.

Vitabu vingi huyaita magari hayo kuwa ya Hobart. Anastahili sifa, maana ndiye aliyeyafundisha makundi mbalimbali ya magari hayo kufanya kazi pamoja. Lakini anayesimulia habari za AVRE aanzie Dieppe, na jina la Luteni Denovan alitaje kwanza.